Jibini Juu ya Kome

Jumamosi, tarehe 15 Novemba. Tangu jana manyunyu yalikuwa yakiilowesha Roma, na upepo wa baridi ulipanda kutoka mtoni ukipenya hadi mifupani.

Maiti ililala kichwa chini, miguu juu, kwenye ngazi za mawe zinazoshuka hadi mto Tiber, karibu na mtaa wa Testaccio. Mpiga makasia mmoja ndiye aliyeiona saa moja asubuhi.

Inspekta Efisio Marras alifanya ishara ya msalaba, kisha akainama. Mwanamume wa miaka sitini hivi. Koti la bei kubwa. Fuvu limepasuka kisogoni. Pochi ilikuwa mfukoni, haijaguswa, pamoja na chupa ndogo ya dawa ya kupuliza puani.

"Si wizi," alisema Sajini Tosca Belardi. "Na jina lake, afande, ni Aurelio Pesenti."

"Yule wa kitabu cha migahawa?"

"Huyohuyo. Nusu ya Roma haitoki kwenda kula mpaka imsome yeye kwanza."

Kufikia saa tatu mtuhumiwa alikuwa mahabusu. Ivo Cerasoli, mpishi, miaka thelathini na miwili. Mwaka jana Pesenti aliandika kwamba tambi za Ivo hazina hata harufu ya bahari. Wateja wakapotea, mgahawa ukafungwa. Wiki iliyopita Ivo alimtumia ujumbe: "Iko siku utayameza maneno yako."

"Jana ulikuwa wapi?" aliuliza Marras.

"Natembea."

"Kwenye mvua?"

"Mpishi asiye na jiko atafanya nini, afande? Anatembea."

"Nani alikuona?"

"Mvua."

"Usinitanie. Saa nane mchana mwendesha mashtaka anatia saini hati yako. Ukishaingia gerezani, kukutoa ni kazi nyingine."

Ivo aliinamisha kichwa. "Sikumgusa. Mungu ni shahidi yangu."

Marras alimwamini, ila hakuwa na cha kumwonyesha mwendesha mashtaka. Alitoka nje, akarudi ndani, akatoka tena. Kiti chake kilikuwa baridi tangu asubuhi.

Saa nne na nusu daktari wa maiti alipiga simu.

"Alikufa jana, kati ya saa tisa na saa kumi alasiri. Alikuwa ametoka kula. Tumboni nimekuta tambi, kome wa baharini, na jibini ya kondoo. Nyingi."

"Jibini juu ya kome?"

"Nimeangalia mara mbili. Kazi yangu ni maiti, Inspekta, lakini hapo nilitaka kutapika."

Tosca alikunja uso aliposikia. "Basi alikula kwenye mgahawa wa watalii. Jibini huua ladha ya bahari; mpishi wa Roma mwenye akili zake hawezi kutoa sahani kama hiyo."

"Tukiupata mgahawa, tumempata aliyemwona mwisho," alisema Marras. "Twende."

Walizunguka katikati ya jiji kwa saa mbili. Migahawa kumi na mmoja. Kote waliulizia kome wenye jibini, na kote walifukuzwa kama mbwa. Mpishi mmoja mnene alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Sikilizeni! Nawachuna watalii, nakubali. Tambi nauza euro ishirini na mbili, nakubali. Lakini jibini juu ya kome? Mimi nina mama, jamani!"

Saa sita na dakika ishirini. Marras alisimama katikati ya njia, mvua ikimchuruzika shingoni, akasali Salamu Maria kimoyomoyo. Alipofika mwisho alimgeukia Tosca.

"Tumekosea tangu mwanzo. Tunatafuta mpishi mbaya. Mpishi hakuweka jibini. Mlaji ndiye aliyeiomba."

"Pesenti? Bingwa wa ladha?"

Marras alikuwa tayari amempigia mjane wa Pesenti. Alimuuliza kuhusu ile dawa ya puani.

"Tangu augue korona hakunusa kitu," alisema mama yule. "Msimu wa baridi uliopita gesi ilivuja jikoni, naye amekaa humohumo anasoma gazeti."

"Na chakula?"

"Alikijazia jibini na pilipili, angalau ulimi uhisi kitu. Nilimwambia aache kuandika. Akaniuliza, niache, niwe nani?"

Marras alikata simu. "Turudi Testaccio, sokoni."

"Kununua samaki?"

"Kununua umbeya. Mteja akiomba jibini juu ya kome kwa mpishi wa kweli, muuza samaki atajua kabla mteja hajafuta mdomo."

Nando, muuza samaki, alikuwa akikwangua magamba. Aliposikia swali aliangua kicheko.

"Kumbe hata polisi mmezipata habari hizo! Ni kwa Mzee Righetto, hapo nyuma ya kanisa. Jana mchana. Kinyozi alikuwa meza ya jirani, anasema yule bwana aliomba jibini mara mbili. Mara mbili! Nilidhani Righetto atamtupa dirishani."

"Akamtupa?"

"Ajabu yake, akampelekea. Tena kwa upole." Kicheko cha Nando kilififia. "Halafu leo hajaja kuchukua kome. Miaka arobaini, Inspekta, hajakosa Jumamosi."

Mgahawa wa Righetto ulikuwa na meza nane, zote tupu. Karibu na jiko, mzee wa miaka sabini na minne alikuwa akimlisha mkewe supu kwa kijiko. Mama Ersilia alimtazama kila mgeni kama anayemwona kila siku, na hakumjua hata mmoja. Kumbukumbu zilikuwa zimemtoka.

"Subirini amalize," alisema Righetto.

Walisubiri. Marras alizungushazungusha funguo zake kidoleni. Saa saba na robo.

"Mzee, jana Pesenti alikula hapa?"

"Alikula."

"Akaomba jibini."

"Ndiyo. Hapo nikashtuka. Nikamletea siki badala ya mvinyo mweupe, glasi nzima. Akaonja, akafumba macho. Akasema, 'Safi, inanukia matunda.'"

Tosca aliacha kuandika.

"Ivo Cerasoli unamjua?" aliuliza Marras.

"Nilimfundisha mimi. Ule mchuzi wa tambi uliomfungia mlango ni wangu." Righetto alimfuta mkewe kidevu. "Mtu asiyenusa aliandika kwamba kijana wangu hana harufu ya bahari. Nikamfuata Pesenti mpaka ngazi za mtoni. Nikamwambia, andika ukweli, mrudishie Ivo jina lake. Akacheka. Akasema watu hawana haja ya ukweli, wanataka kuambiwa wapi pa kula."

"Akateleza?"

"Hapana. Ngazi zilikuwa na maji, lakini hakuteleza. Nilimsukuma."

"Ulijua Ivo tumemkamata?"

"Nilisikia redioni. Nikavaa koti mara mbili nije." Alimwelekezea mkewe kijiko. "Nikamtazama huyu. Akilishwa na mtu mwingine, hutema. Nimemwacha mtoto asiye na kosa ateseke kwa ajili ya kijiko cha supu. Mungu anisamehe."

Walifika kituoni saa nane kasoro dakika kumi, Mama Ersilia akiwa ameshika mkono wa Tosca. Righetto alirudia maneno yake yote mbele ya mwendesha mashtaka, akatia saini. Ivo akafunguliwa pingu. Akamkuta mwalimu wake kwenye korido, anafungwa zilezile.

"Usinitazame," alisema mzee. "Nilikuacha humo."

"Uliniacha saa tano tu. Umenilea miaka tisa."

"Umeshasikia nilichofanya?"

"Nimesikia. Sitakwambia ulifanya vyema, Mzee. Hukufanya vyema."

Righetto alitikisa kichwa kukubali. Kisha akamtazama mkewe, akataka kumwendea, askari wawili wakamzuia.

Ivo akapiga magoti mbele ya Mama Ersilia, akaishika mikono yake miwili. Akapaza sauti ili kila mtu pale koridoni asikie, kuanzia mwendesha mashtaka hadi mlinzi wa mlango.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote, naahidi: kuanzia leo mama huyu nitamlisha mimi, kwa mkono wangu, kila siku ya Mungu. Akitema, nitapika tena."