Vidonge Ndani ya Pipa la Unga

"Mama Zubeda, nani alikupa udaktari?" Mama alifoka, ameegemea ukuta unaotenganisha paa letu bapa na la jirani yetu huyo.

"Nimesema wanavyosema wanawake wote wa Multan! Vidonge vile ni dawa ya moto, vitambabua mtoto tumboni. Na joto hili! Mpeni sharubati, apoe."

"Apoe? Tangu alfajiri anatetemeka kwa homa, mgongo unamkata!"

Nilijikunyata ngazini, nikiwasikiliza. Mgonjwa alikuwa wifi yangu Farkhanda, mjamzito wa miezi saba. Mwaka jana alizika mtoto aliyezaliwa mapema mno. Wiki iliyopita mkojo ulimchoma, daktari akampa vidonge vya siku saba, nami nikapewa kazi ya kumpelekea asubuhi na jioni. Siku ya tatu maumivu yaliisha. Siku hiyohiyo nikamsikia Mama Zubeda akisema maneno hayahaya ya dawa ya moto, nikaogopa. Nikamwambia wifi vimekwisha, naye hakuwa akivihesabu, akaniamini. Vinane vilivyobaki nikavizika kwenye pipa la unga.

Hospitalini daktari aliuliza, "Alimaliza dozi?"

"Alimaliza," Mama akajibu.

"Hakumaliza," nikasema. "Nilivificha."

Mama aliinua mkono, kisha ukaanguka wenyewe. Farkhanda aligeukia ukutani. "Nilikuamini, Sajida. Huyu naye akifa, nitafanyaje?"

Siku tatu alitundikiwa dripu, na kila tumbo lilipombana tulidhani mtoto anazaliwa mapema mno kama yule wa kwanza. Siku ya nne homa ikashuka. Moyo wa mtoto ulikuwa bado unadunda.

"Kuisha maumivu si kupona," daktari aliniambia. "Vijidudu vilikuwa vimelegea tu, vikapata nguvu, vikapanda hadi kwenye figo. Dawa hii tuliichagua kwa kuwa inamfaa mjamzito. Ukiwa na hofu, njoo uniulize. Usifiche."

Tulirudi nyumbani na vidonge vingine. Farkhanda akawa anavipokea kwa Mama, si kwangu. Nikawa nakula peke yangu ngazini.

Ijumaa Mama Zubeda alisimama mlangoni na tikiti maji mkononi, macho chini. "Ulimi wangu huu, dada..."

"Utaganda hapo kama bibi harusi?" Mama akasema. "Ingia, dengu zinapoa."

Farkhanda alisogea mkekani, akaacha nafasi mbili.

"Na wewe, Sajida. Niletee kidonge changu, halafu njoo ule."