Mafua Aliyoyaficha Naima

Kila asubuhi, akishamaliza kufagia uwanja, Naima alivaa sare na kupitia kwa rafiki yake Ruthu, wakaenda shule pamoja. Wote wawili walisoma darasa la sita huko Hombolo. Lakini tangu mwezi wa pili Naima alikuwa akienda peke yake. Ruthu alikuwa amelazwa hospitali mjini Dodoma, akitibiwa saratani ya damu.

Ijumaa moja Mama Ruthu alipiga simu. "Daktari amekubali Naima aje kesho amwone mwenzake. Ila awe mzima kabisa."

Naima alirukaruka kwa furaha. Kumbe Jumamosi aliamka koo linamkereketa na pua inachuruzika! Alijua kwamba akisema, safari imekufa. Basi akapenga kamasi kwa siri, akanywa chai ya tangawizi.

"Mbona macho yako mekundu?" mama yake alimuuliza.

"Vumbi la kufagia, mama."

Huko Dodoma, mlangoni mwa wodi, Naima na mama yake walipokewa na muuguzi, Sista Devota, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole.

"Shikamoo, sista," Naima aliamkia.

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe Naima? Ruthu anakutaja tangu alfajiri. Niambie kwanza, una mafua, kikohozi au homa?"

"Sina."

Alinawa mikono kwa sabuni, akavalishwa barakoa. Sista Devota alikuwa akiandaa sindano ndogo.

"Hiyo ndiyo dawa ya kuua saratani?" Naima aliuliza.

"Hapana. Dawa za saratani alishapewa wiki iliyopita. Ni dawa kali. Zimeua seli mbaya, lakini zimepunguza pia seli nyeupe za damu, zile zinazopambana na vijidudu. Mmezisoma shuleni?"

"Ndiyo. Mwalimu anaziita askari wa mwili."

"Basi askari hao huzaliwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Humo mna seli changa ambazo bado hazijawa askari wa aina yoyote. Mwili huzipelekea ujumbe kwa protini ndogo sana ziitwazo saitokini. Zikipata ujumbe wa saitokini hii, hukua zikawa askari wa aina hii. Zikipata wa nyingine, huwa wa aina ile. Tena ujumbe huohuo huziambia ziongezeke. Sindano hii ina saitokini iliyotengenezwa na wataalamu. Inauambia uboho wa Ruthu ukuze seli nyeupe upesi."

"Kwa hiyo leo leo atapata askari?"

"Huchukua siku kadhaa, mwanangu. Kwa sasa hana ulinzi. Mafua ambayo wewe utayamaliza kwa siku tatu, yeye yanaweza kumuua."

Kupitia kioo cha mlango Naima alimwona Ruthu amekaa kitandani, kichwa hakina hata unywele mmoja, amenyoosha shingo kutazama anayekuja. Alipomwona Naima alitabasamu. Sista Devota akashika kitasa.

"Sista, usifungue!" Naima alirudi nyuma huku machozi yakimtoka. "Nimekudanganya. Nina mafua tangu asubuhi."

Mama yake alishika mdomo. "Naima! Ndiyo vumbi lile uliloniambia?"

"Mwache kwanza, mama. Amesema kweli," Sista Devota alijibu. Alimsogeza Naima mbali na mlango, kisha akamwomba mama yake ampigie Mama Ruthu aliyekuwa ndani.

Ruthu akapewa simu. "Mbona huingii?" aliuliza.

"Nina mafua. Niliyaficha kwa sababu nilitaka sana kukuona. Nisamehe."

"Nimekusubiri tangu asubuhi," Ruthu alisema. Kisha akakata simu.

Naima alirudi Hombolo akiwa mnyonge. Siku zile alikula kidogo tu, na kila simu ya mama ilipoita, alikimbia kusikiliza kama ni Mama Ruthu.

Siku ya kumi na moja Mama Ruthu alipiga. Vipimo vilionyesha seli nyeupe za Ruthu zimepanda, na daktari ameruhusu Naima aje tena. Mafua ya Naima nayo yalikuwa yamekwisha.

Safari hii, mlangoni mwa wodi, Naima hakungoja kuulizwa. "Sista, pua ilikauka Jumanne ya wiki iliyopita. Nilikohoa mara ya mwisho kesho yake, Jumatano."

Sista Devota alicheka, akampima joto, akamfungulia. Ruthu alisogea ukutani kumpa nafasi ya kukaa.

"Bado nimekukasirikia," alisema Ruthu. "Kidogo tu." Halafu akashindwa kujizuia, akacheka, na Naima akacheka naye.

Sista Devota aliwatazama. "Ile dawa ilipeleka ujumbe wake, na uboho ukausikia," alisema. "Lakini wakati askari bado wanakua, Ruthu alilindwa na sisi tunaomzunguka. Naima, siku ile ulikosea kudanganya, kisha ukawa jasiri ukasema kweli kabla hujamdhuru mwenzako. Ukienda kumwona mgonjwa, sema ukweli kuhusu afya yako, hata kama utarudishwa nyumbani."

"Nimeelewa, sista."

"Haya, semeni polepole. Kuna wenzenu wamelala."

Lakini wasichana wale walikuwa na habari za miezi miwili, na Sista Devota alilazimika kuja kuwanyamazisha mara tatu.