Uso wa Mama Mkwe

Jicho la kushoto lilianza kumcheza msusi akiwa katikati ya kichwa cha mteja. Akatania kwamba labda kuna mgeni njiani. Lakini kufika adhuhuri kope ilikuwa inavuta shavu, shavu linavuta pembe ya mdomo, na saluni nzima ikanuka nywele zilizoungua, ilhali hakuna mashine iliyowashwa.

Na uso ule, wote mle ndani waliujua. Ulikuwa wa mama mkwe wake. Msusi alikuwa akiwavunja wateja mbavu kwa kuuigiza, hadi siku mama mwenyewe alipomletea chakula cha mchana akamkuta anapindisha mdomo. Wala hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, usimwigize huyu anayenicheza usoni. Ni jini. Ukimwigiza anadhani umemwita." Hilo nalo wakalicheka, toba!

"Ni misuli tu," daktari alimwambia. "Uchovu, wasiwasi, kahawa nyingi. Isipokoma tutapiga picha, huenda mshipa wa damu unagusa neva ya uso."

Akaacha kahawa, akalala mapema. Wapi! Wateja wakaanza kumkimbia, na kila alipoinua macho kwenye kioo cha kazini aliuona upande mmoja wa uso wake ukimkonyeza, ukipinda mdomo kwa ufundi uleule aliozoea kuuonyesha yeye, huku chini ya ngozi akisikia kitu kikigonga taratibu, bila kuchoka, kama mtu aliye ndani ya nyumba na hana mpango wa kutoka.

Akaenda kwa mama mkwe. Alimkuta anakunja nguo, uso umetulia, amependeza kuliko siku zote.

"Mama, nilikucheka. Nisamehe."

"Nilishakusamehe siku ileile," mama alinong'ona. "Ila msamaha haumtoi. Anatoka akipata wa kumpokea." Akaweka nguo pembeni. "Mimi nilishamzoea. Wewe kazi yako ni mbele za watu. Lete uso, mwanangu."

Msusi alijua la kujibu: "Hapana, mama, basi." Ulimi ulikuwa mwepesi na hakuna aliyemziba mdomo. Badala yake akapiga magoti, akaupeleka uso.

Viganja vya mama vilikuwa na joto. Ile harufu ya nywele zilizoungua ilipita katikati yao, kisha kope ya mama ikaruka, shavu likafuata, mdomo ukapinda.

"Asante, mama," msusi alisema, na uso wake haukutikisika hata kidogo.