Mchumba Wangu Aliinua Mlima kwa Kosa Langu

Nina miaka thelathini na mitatu, mzaliwa wa Malinya, Kakamega. Sijaolewa, na msinihurumie. Nawasimulia haya nikiwa bado na hasira, maana aliyeniumiza anaitwa daktari kila aendako.

Nilikuwa nasomea shahada ya pili ya jiolojia. Kazi yangu ilihusu zirkoni, vipunje vidogo vinavyozaliwa mwamba wa moto unapopoa, na hutunza umri wao daima. Mlima ukimomonyoka, mito huvibeba, vikafukiwa na kuwa jiwe la mchanga. Ukivipima umri unajua ni milima gani ilisimama zamani kandokando ya kiini kikongwe cha bara letu, hata kama leo pale ni mashamba ya mahindi tu.

Mawe niliyatoa vilimani karibu na kwetu. Mama, aliyetulea kwa kuosha dhahabu, alinisaidia kuyaponda, nami nikauosha unga wa mawe hayo ili vibaki vipunje vizito. Ilitoka mifuko mitano. Nilipofika wa nne beseni langu lilipasuka, nikachukua karai lake kwa mfuko huo mmoja; wa tano nikaazima beseni jingine.

Mchumba wangu, nitamwita Aggrey, tulisoma darasa moja. Alipata nafasi ya kwenda maabara ng'ambo, akaomba apime vipunje vyangu pamoja na vyake. Ningemnyimaje mtu ambaye wazee wake walishafika kwetu?

Alirudi akichekelea... Mifuko mingine ilikuwa na vipunje vikongwe vya milima ya kwanza, lakini wa nne ulikuwa na vichanga kuliko vyote. Kwake hiyo ilikuwa safu nyingine ya milima, iliyoinuka baadaye, ambayo hakuna msomi aliyewahi kuitaja. Baada ya miezi michache nikaisoma makala yake. Jina lilikuwa lake peke yake. Mimi sikutajwa hata kwenye shukrani.

Nililia, sikatai. Lakini vile vipunje vichanga vilinikera zaidi. Nikamuuliza mama kuhusu karai lake.

"Karai ya dhahabu hatuoshangi mpaka chini," akasema. "Ule mchanga mweusi unabakianga, ndio dhahabu isipotee."

Mchanga ule mweusi ulikuwa wa mtoni, umejaa zirkoni za kila mahali na za kila umri, na nilikuwa nimeuchanganya na mfuko wangu kwa mikono yangu mwenyewe. Mlima wa Aggrey haukuwahi kuwepo.

Nilimwambia. Akanitazama, akasema, "Wewe nyamaza tu. Nani atajua? Tukioana jina langu si litakuwa lako?"

Nikinyamaza, nilikuwa na ndoa na shahada. Nikisema, nilikuwa najianika mwenyewe. Siku aliyoitwa kuhutubu chuoni nilisimama katikati ya watu, nikaeleza yote: karai, mchanga, uzembe wangu.

Mnajua alijibu nini? Kwamba hiyo ndiyo hasara ya kuchanganya sayansi na uchafu wa wanawake wa mashimo ya dhahabu... Mama yangu, ambaye alimchinjia ingokho, kuku wa heshima, na kumsongea obusuma, ugali wa kwetu! Uchumba uliishia pale. Chuo kikaniamuru nianze kazi upya, na shangazi akaniambia nimejifukuzia bahati.

Basi nilianza upya. Nilinunua mabeseni matano, kila jiwe na lake. Ilinichukua miaka miwili. Hakikuonekana kipunje kichanga hata kimoja. Vile vikongwe vilikubaliana mfuko kwa mfuko: milima ya kwanza ilisimama kweli, na mimi ndiye niliyeithibitisha. Shahada nikapewa.

Ndugu wasomaji, msimkabidhi mtu jasho lenu kwa sababu amewaahidi pete. Na mkikosea, semeni wenyewe, tena mapema. Mimi niliadhibiwa kwa kusema kweli, na kesho ningesimama tena palepale.

Makala ya Aggrey haijafutwa. Bado inasomwa, bado inamletea sifa. Nimewaandikia wahariri barua sita bila kujibiwa. Ya saba nimeituma Jumatatu.