Nusu ya Boksi la Saba

Boksi la saba lilikuwa limejaa. Ukimwambia mtu asiyeijua kazi ile atakucheka, maana boksi kujaa kuna ubaya gani? Lakini katika banda la sampuli hakuna boksi linalojaa. Mashine ya kuchoronga hutoa mwamba chini ukiwa vipande virefu, vinene kama mhogo. Msumeno huvipasua katikati kwa urefu. Nusu inakwenda maabara kupimwa dhahabu, nusu inabaki kwenye boksi iwe shahidi, siku mtu akibisha. Vipande vya boksi la saba mjiolojia alikuwa amevipasua kwa mkono wake. Asubuhi ile alivikuta vizima, havina hata alama ya msumeno, vimelowa, vinanuka tope.

Akavipasua upya, kimya kimya. Kesho yake akavikuta vizima tena.

Angemwambia nani? Mwenye siri ya aibu hana wa kumlilia. Miezi miwili nyuma mashimo sita yalikuwa yametoka patupu, na kampuni ilishasema la saba likiwa tupu watu wafungashe virago. Yeye ndiye msomi wa ukoo, aliyesomeshwa na kaka yake kwa kubeba zege, na ndiye aliyemwita kaka huyohuyo aje aongoze wachimbaji. Angemtazama vipi? Basi akatoa bangili ya dhahabu waliyoachiwa na marehemu mama, wao wawili, nusu kwa nusu. Akaikata, nusu yake akaisaga kwa tupa mpaka ikawa unga, akauchanganya na sampuli ya maabara ya shimo la saba, iliyotoka kwenye boksi hilohilo. Nusu ya kaka akaificha kwenye droo. Alijiambia amegusa cha kwake tu. Wezi wote husema hivyo.

Majibu yakarudi mazuri mno. Kaka akamkumbatia mbele ya watu, akasema mama angekuwepo angelia kwa furaha. Mjiolojia akacheka naye, huku moyoni anatamani ardhi immeze. Wakaanza kuchimba shimo la majaribio kando ya lile la saba, na kaka ndiye aliyekuwa akishuka wa kwanza kila siku.

Siku ya tatu ya boksi kujaa, saa sita mchana, jua likiwaka juu ya bati, mjiolojia alisikia sauti ikitoka katikati ya mawe. Ilikuwa ya upole, kama ya mgeni anayeona haya kudai.

"Umenipa nusu. Nimeipokea. Nyingine naifuata mwenyewe."

Akafungua droo. Nusu ya kaka haikuwepo, pamebaki maji kidogo na tope.

Hapo akaelewa kwamba alichokitia kwenye mwamba wa wenyewe wa chini kilikuwa kimepokelewa kama sadaka, na sadaka ile ilikuwa na wenyewe wawili, naye yuko hapa juu na mwenzake yuko chini, akatoka mbio bila kofia, akapita jikoni, akapita mashine, na kila alipovuta pumzi aliisikia harufu ileile ya tope ikimtangulia njiani, mpaka akafika shimoni ambako watu kumi na mmoja walikuwa wamekaa wakitaniana, nao wote wakageuka wakamtazama.

"Mtoeni kaka," alisema.

"Kuna nini, mkuu?" aliuliza mtu wa winchi.

Hapo palikuwa mahali pa kusema kweli. Akasema kuna gesi.

Winchi ikavuta. Kaka akatoka amelowa chapachapa, anatabasamu, ananuka lile tope. Watu wakampokea, wakampa taulo. Mkononi alikuwa amevaa bangili ya mama, nzima, haina hata mkwaruzo wa tupa. Akaja akasimama karibu na mjiolojia, bega kwa bega.

Ndipo sauti ikatoka chini shimoni, sauti iliyomlea, ikiita bila wasiwasi wowote:

"Mdogo wangu, mbona kamba imepanda bila mimi?"

Mtu wa winchi akaacha mkono juu ya mpini. Akamtazama aliyevaa taulo, kisha shimo, kisha mjiolojia.

"Mkuu, kama kuna mtu chini?"

"Waambie," alinong'ona yule wa pembeni yake, kwa upole uleule wa bandani. "Anzia kwenye tupa. Ukisema yote mbele yao, namrudisha."

Mjiolojia akawatazama wale watu kumi na mmoja. Walikuwa wakimheshimu. Chini kule kaka aliita tena, safari hii kwa jina la utotoni ambalo ni yeye na mama tu waliolijua. Mjiolojia akafungua mdomo, uso unamwaka kwa aibu.

"Ni mwangwi," alisema. "Funikeni."

Wakafunika. Tangu siku ile boksi la saba halijajaa tena.