Samaki Kumi na Tisa wa Mapokezi

"Wangapi wamebaki hai?"

"Hakuna, Daktari."

"Samaki kumi na tisa! Tumefunga siku mbili tu, unaniambia hakuna?"

Fundi wa matangi alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi la kioo kando ya meza ya mapokezi, mkono ndani ya maji hadi kwenye kiwiko, akiokota mizoga na kuitia kwenye ndoo. Maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele. Wagonjwa wa asubuhi, waliokuja na mashavu yaliyovimba, walisahau meno wakashika pua.

Nyuma ya meza, mpokezi wa kliniki alikuwa akipanga mafaili yaliyokwisha kupangwa. Fundi yule alikuwa mchumba wake, harusi ilibaki wiki sita. Na samaki wale, aliyewaua ni yeye.

Msimlaani kwanza, sikilizeni. Zamani fundi alikuja mara moja kwa mwezi. Anabadilisha robo ya maji, anapogoa mimea, anafinya sponji ya chujio ndani ya ndoo yenye maji yale yale ya tangi. "Ukiisuuza kwa maji ya bomba," alimweleza mpokezi, "dawa iliyomo itaua vijidudu vinavyokula uchafu." Alieleza taratibu, kwa sauti ya kubembeleza, na binti wa watu akauona mwezi mrefu. Ndipo akagundua kwamba samaki wakizidishiwa chakula, wanachobakiza kinaoza, maji yanachafuka, na Daktari mwenyewe anapiga simu: "Fundi, njoo." Mwezi ukawa wiki. Kabla mwaka haujaisha, posa ikapelekwa.

Sasa walikuwa wamegombana, siku tano fundi hapokei simu. Ijumaa, kabla ya kufunga kliniki, mpokezi akamimina nusu kopo la chakula ndani ya tangi. Alitaka aje Jumatatu, na kweli Jumatatu alikuja.

"Ni kosa langu, Daktari," fundi alisema, bado amepiga magoti. "Labda nilipogoa mimea mingi mno. Labda chujio..."

"Labda? Nimekusifia kwa meneja wa hoteli mpaka ulimi ukachoka! Wanataka tangi la mita nne pale ukumbini. Nikawaambie labda?"

Mchana ujumbe ukaingia kwenye simu ya fundi. Akampa mchumba wake asome.

"Habari fundi. Tumesikia ya kliniki. Hoteli imepata mtu mwingine. Asante."

"Nisamehe kwa ule ugomvi," fundi alimwambia, akamshika mkono. "Kazi imenikataa. Nimebaki na wewe tu."

Mpokezi alimpata mzima mzima, kama alivyotaka, na hakuweza kumtazama usoni.

Jumatano fundi alirudi na chupa yenye kokoto alizozichota chini ya tangi.

"Daktari, tazama hapa kwenye mizizi. Chakula kimeoza, kimeshikamana kama uji. Hiki si cha siku moja. Kuna mtu anawalisha kupita kiasi, tena kwa miezi. Nani hubaki humu jioni?"

"Mama wa usafi."

"Kikulacho ki nguoni mwako."

Mpokezi akafungua mdomo.

"Huenda..."

"Huenda nini?" Daktari aligeuka.

"Huenda hakujua kwamba kinadhuru."

Alitaka kusema jingine kabisa. Lakini neno likishatoka limetoka, na pale pale mama wa usafi akaitwa.

"Mimi?" mama alijipiga kifua. "Kopo lenyewe liko rafu ya juu, nililifikia kwa mbawa? Miaka kumi na moja nafuta mate ya watu humu ndani, leo nimekuwa muuaji wa samaki?"

"Nenda nyumbani, mama. Usirudi."

Mama alimgeukia mpokezi.

"Mwanangu, wewe ndiye unayefungua na kufunga. Umewahi kuniona nikilisha hawa samaki? Waambie!"

"Mimi... sijaona kitu, mama."

Ulikuwa ukweli, na haukumsaidia mama wa watu hata kidogo. Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiacha juu ya kiti.

Ijumaa asubuhi mpokezi alipata ujumbe.

"Mwanangu samahani kukusumbua. Nilikoomba kazi walimpigia Daktari, amewaambia naharibu mali za watu. Kama uliona mtu mwingine akilisha, hata kama ni mgonjwa, nisaidie useme. Sitamtaja aliyeniambia."

Aliusoma mara tatu. Akampigia mama wa usafi, akamwomba aje. Kisha akampigia fundi.

"Uko wapi?"

"Huku sokoni, natafuta mtu wa kununua pampu yangu. Naacha hii kazi, mpenzi."

"Njoo kliniki."

"Kuna nini?"

"Njoo tu."

Walipokuwa wote wanne mbele ya tangi tupu, mpokezi alisema kabla ujasiri haujamkimbia.

"Aliyekuwa akiwalisha ni mimi."

"Kwa nini?" fundi aliuliza.

"Ili uje. Maji yakichafuka, unaitwa."

Daktari alivua miwani. Mama wa usafi alikaa kwenye kiti cha wagonjwa bila kukaribishwa.

"Tangu lini?" fundi aliuliza tena.

"Tangu mwezi wa pili wa kufahamiana."

"Muda wote huo," fundi alisema polepole, "najiuliza kwa nini tangi hili tu linanishinda. Nimebadilisha chujio mara mbili. Nimeng'oa mimea mizima nikaitupa. Nimefika mahali naamini sina mkono wa kazi hii. Nakuja kukulalamikia, unanipa pole."

"Pole ilikuwa ya kweli."

"Na mama huyu anafukuzwa, unasema huenda hakujua!"

"Niliogopa kukupoteza."

"Mimi ukanipoteza bila woga," alisema mama wa usafi.

Daktari alimwomba mama radhi, akamwambia arudi kazini leo leo, na kule alikomsema vibaya atapiga simu kusahihisha. Kisha akamnyooshea mpokezi kiganja.

"Funguo."

Alizitoa mkobani akazikabidhi. Fundi alikuwa tayari mlangoni, mpokezi akamkimbilia, machozi yanamtoka.

"Nitukane basi! Usiondoke kimya hivi."

"Baba yako nitampigia mimi, nimwambie harusi haipo. Sitamwambia sababu."

"Nilikupenda! Sikujua njia nyingine!"

Fundi alisimama. Shati lake lilikuwa limeloa, mvua ilikuwa imemkuta njiani.

"Leo umenipigia simu ukasema njoo. Nimechukua muda gani?"

"Nusu saa."

"Nilitoka upande wa pili wa mji, na sikukuuliza mara mbili. Hata mwezi ule wa kwanza, ungesema njoo, ningekuja."

Akashuka ngazi. Mpokezi alibaki amesimama mlangoni, mpaka mama wa usafi alipomwomba kwa upole asogee, apige deki.