Simu Iliyoita Ndani ya Ungo

Naapa kwa pensheni yangu ya reli, na kwa jicho langu la kushoto ambalo ndilo zima: kila neno mtakalosoma hapa ni kweli tupu. Mkinikuta na uongo, hata wa saizi ya punje ya mtama, njooni Tinde mumchinje beberu wangu Stesheni Masta mumle nikiwaangalia. Mimi Sostenes, mstaafu, nimesema. Twende.

"Ngusa, toka mbele ya gari!"

"Sitoki."

"Nitakukanyaga!"

"Kanyaga. Lakini Generosa haendi Geita."

Ilikuwa mchana, na jua lilikuwa lile la Tinde ambalo kuku hutaga mayai yameshachemka. Gari lilikuwa Noah ya vioo vyeusi, injini inanguruma nje ya geti la Kikundi cha Karibu Mgeni. Kati ya geti hilo na nyumba yangu kuna uzio wa minyaa tu, kwa hiyo wakipiga chafya kule, mimi huku ndiye ninayesema afya.

Kikundi kile ni cha Mama Amosi, nesi mstaafu. Anapokea watu waliokimbia makwao huko magharibi, wale wanaoshuka Isaka kutoka kwenye malori, vumbi hadi kwenye kope. Anawapa uji, nguo na godoro, kisha anawapeleka kwa wahusika waombe hifadhi. Wakati wa kusubiri jibu sharti ni moja: hakuna kutoka Tinde bila kibali. Ukitoka, ombi lako linakufa na unabaki mtu asiye wa popote.

Generosa alikuja hivyo kutoka Burundi, yeye na kaka yake Enock. Na Enock alikuwa ameshatoka.

"Gene, nisikilize," Ngusa alisema, mikono juu ya boneti. "Kabla ya Enock waliondoka wengine. Wote wanaandika meseji. Kuna hata mmoja uliyemsikia sauti?"

Generosa alikuwa kiti cha nyuma, kifurushi cha kanga mapajani. Hakumtazama.

"Wewe ndiye uliyempakia, Ngusa. Mtu wa mwisho kuonekana na kaka yangu ni wewe."

Hapo ndipo palipouma. Maana wale wawili walikuwa wanapendana, nyie! Ngusa ndiye dereva wa pikapu ya Mama Amosi, mrefu mpaka mvua humnyeshea yeye kwanza, sisi tunafuata. Generosa ndiye mpishi wa uji. Kila jioni Ngusa alimletea michembe ya mama yake, na mimi kwenye minyaa yangu nilisikia yote.

"Hivi nyie Wasukuma, viazi vikishakauka kama kuni ndiyo mnaona vimefaa?"

"Tafuna polepole. Ukimaliza bakuli hilo, umeshakuwa mke."

"Basi nitaacha kimoja."

"Kwa nini?"

"Mpaka Enock akubali. Sina baba wala mama. Yeye ndiye wa kunitoa."

Alikuwa anakiacha kweli, kimoja, pembeni ya bakuli, kila siku. Ngusa alikula kile na kuondoka akipiga mluzi.

Kisha siku moja Ngusa alikwenda Isaka kufuata unga, Enock akaomba lifti. Pikapu ilirudi na unga bila Enock.

"Aliniambia nimshushe njia panda, kuna mtu wa kazi anamsubiri," Ngusa alisema.

"Mtu gani?"

"Alikataa kusema. Alisema ni siri mpaka atakaporudi na pesa ya mahari ya kuolea, akuringishie."

Jioni ile kwenye simu ya Generosa iliingia meseji: "Dada nipo salama Geita. Kazi nzuri. Usipige, duarani mtandao mbovu nitakuwa naandika."

Baada ya hapo aliandika mara kwa mara. Duara, kwa msiojua, ni shimo la wachimbaji wa dhahabu. Generosa alipiga, haikupokelewa. Alipiga tena, ikakatwa, halafu: "Dada nimesema andika."

Aliyekuwa anamtuliza ni Luka, msimamizi wa kikundi, kijana aliyetoka Dar, viatu vinang'aa hata kwenye vumbi letu, sauti laini kama anasoma tangazo la msiba.

"Dada Generosa, usilie. Mimi nina watu kule. Nitaulizia."

"Asante, kaka Luka. Sijui ningefanyaje bila wewe."

"Ila kuna jambo moja. Yule Ngusa... Basi. Tuache."

"Jambo gani? Sema!"

"Sitaki kugombanisha watu."

Asubuhi ya siku ninayoisimulia, mbwa wa mtaa wote walikuwa wamelala kimya, hakuna hata aliyebwekea pikipiki. Niliona si kawaida. Meseji ikaingia:

"Dada naumwa sana. Ngusa ndiye aliniuza huku. Usimwambie kitu. Njoo na Luka leo leo, usichelewe, nisikufie peke yangu."

Sasa mmeelewa kwa nini alikuwa ndani ya Noah.

"Luka," Ngusa aligeukia upande wa dereva, "kibali chake kiko wapi?"

"Mgonjwa anasubiri kibali?"

"Mama Amosi anajua?"

"Mama yuko Shinyanga mjini kikaoni. Toka!"

"Mpaka arudi."

Generosa alishusha kioo. Macho mekundu.

"Ngusa, ulimuuza kwa nani?"

"Nini?"

"Kaka yangu. Ulimuuza kwa nani?"

 Nilimwona Ngusa akishika boneti kama mtu anayezuia nyumba isianguke.

Watu wakaanza kukusanyika. Luka aliona muda unamwishia, na hapo alifanya kosa ambalo mtu wa Dar pekee angelifanya. Alishuka kwenye gari, akaweka mikono mdomoni, akapiga mwano.

Mwano ni ukelele wa hatari. Luka aliwahi kuusikia, akaona wanaume wanatoka mbio na fimbo, akadhani ni kama kuita polisi wa bure: watamchapa Ngusa, yeye ataendelea na safari. Hakujua yanayofuata. Mwano ukishapigwa, kila mtu mwenye miguu anatoka. Asiyetoka analipa mchenya, ndiyo faini yetu, mbuzi. Na aliyeupiga haruhusiwi kuondoka mpaka shauri liishe.

Hazikupita dakika nyingi, uwanja wa Mama Amosi ulijaa sungusungu, filimbi huku, fimbo kule. Mzee Mabula, mtemi wao, aliketi kwenye kigoda. Huwa haongei sana. Akikohoa tu, watu wanakumbuka dhambi zao.

"Mwadila."

"Mwadila, mtemi," watu waliitikia salamu.

"Funguo za gari."

"Mzee wangu, shikamoo," Luka alisema. "Mimi nina haraka, kuna mgonjwa..."

"Marahaba. Funguo."

Akatoa.

"Simu."

"Simu ya nini tena?"

Mama mmoja alikuwa tayari anapita na ungo. Kwetu shauri likikaa, simu zote zinawekwa kwenye ungo mbele ya mtemi, asije mtu akamtonya mwizi mwenzake. Luka alisita. Akatazama watu, watu wakamtazama. Akabonyeza kitu pembeni mwa simu yake, akaiweka juu ya zile nyingine, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Ya binti ibaki," Mzee Mabula alisema. "Ina maneno. Soma, mwanangu."

Generosa alisoma meseji ile. Sauti yake ilikatika kwenye "nisikufie peke yangu". Mzee Mabula akamgeukia mshtakiwa.

"Ngusa. Ulimpakia huyu kijana?"

"Nilimpakia, mtemi."

"Ulimshusha?"

"Nilimshusha."

"Shahidi?"

"Sina."

"Unajua adhabu ya kuuza mtu aliyekuja kwetu kuomba kivuli?"

Ngusa aliinamisha kichwa. Kila mtu alijua. Kutengwa. Hakuna atakayekusalimia, hakuna atakayekupa moto wala maji, na ng'ombe wako akianguka kisimani utamvuta mwenyewe. Mama yake Ngusa aliketi chini ghafla pale pale aliposimama.

"Una neno la mwisho?"

"Si kwako, mtemi. Kwake." Akamgeukia Generosa. "Kile kiazi unachoacha kwenye bakuli. Leo usiache. Kula vyote. Usimsubiri mtu ambaye hutamsalimia tena."

Nilikuwa nimesimama karibu na ungo kabisa, bega kwa bega na mtemi.  Nikamsogelea binti, nikamnong'oneza: "Mpigie kaka yako sasa hivi." Ndiyo, ni mimi. Akili ile ilitoka kwenye kichwa hiki.

Generosa akapiga.

Mwanzo hakukuwa na kitu. Halafu ungo ukaanza kunguruma. Simu moja ilikuwa inatetemeka juu ya zenzake, inajisukuma, inatambaa kama mende mpaka ikagonga ukingo. Mzee Mabula akaiokota, akaitazama, akaiweka sikioni.

"Haloo?"

Na Generosa, amesimama hatua chache kutoka pale, simu sikioni, akamsikia mtemi mara mbili: mara moja hewani, mara moja kwenye namba ya kaka yake.

"Haloo?" mtemi alirudia. "Nani mwenzangu?"

Simu ikamdondoka Generosa.

"Hii ni ya nani?" Mzee Mabula aliuliza, akiinyanyua juu.

 Hakukuwa na haja ya kujibu. Ilikuwa simu ya laini mbili, mpya, safi, inang'aa kama viatu vya mwenyewe.

"Ni... laini yake aliniachia nimtunzie," Luka alisema.

"Kwa hiyo ni wewe unayeumwa sana?"

"Mzee..."

"Ni wewe usiyetaka kufa peke yako?"

"Wamenilazimisha! Mwenye duara ndiye anayetaka watu wasio na vibali! Hao hawawezi kwenda kushtaki popote!"

Generosa alimsogelea polepole. Nilidhani atampiga.

"Kaka yangu yuko hai?"

Luka alitazama chini.

"Kaka Luka, nilikuita kaka. Enock yuko hai?"

"Wiki iliyopita alikuwa hai."

Nawaambieni, nimefanya kazi ya reli maisha yangu yote, nimeona mabehewa yakipinduka. Sijawahi kusikia kitu kizito kikianguka kama jibu lile.

Polisi walikuja, Mama Amosi akaja mbio, na Luka akatangulizwa mbele kuonyesha njia. Ngusa aliendesha pikapu. Generosa hakuruhusiwa kwenda, kibali hakuna, na safari hii alitii. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni, bakuli la michembe mapajani, hakula. Jua likazama, likachomoza. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani alisimama, likipita akakaa.

Meseji ikaingia. Namba ya Ngusa. Akaiangalia kwa muda mrefu bila kuifungua. Kisha akapiga.

"Usiniandikie, Ngusa! Usiniandikie kitu! Ongea!"

"Subiri."

Kelele za upepo. Mtu akakohoa. Halafu sauti nyembamba, kavu:

"Dada, hivi kweli umemkubali huyu mrefu? Ananipa viazi vigumu kama mawe ya karasha."

Alilia mpaka majirani wakadhani kuna msiba.

Walirudi na Enock pamoja na wenzake aliowakuta shimoni, waliokuwa wanalala wamefungiwa, mchana wakisaga mawe ya dhahabu kwenye mashine ya karasha. Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi, nikamwamkia shikamoo nikidhani ni mzee mwenzangu. Ngusa alisimama mbali, karibu na pikapu.

"Njoo," Generosa alimwita.

"Ulisema nilimuuza."

"Nilisema. Na nitajuta mpaka nizeeke. Lakini njoo."

"Nitakujaje, wakati ulinitazama kama nyoka?"

Generosa akachukua bakuli, akaanza kula, machozi na michembe pamoja, akala vyote, akabaki na kimoja. Akamtazama Enock. Enock akatikisa kichwa kukubali. Generosa akakila.

Harusi ni Jumamosi hii. Majibu ya hifadhi yametoka, wamekubaliwa wote wawili. Na kama isingekuwa mimi Sostenes kunong'ona pale kwenye ungo...

"Babu, unaandika nini?"

Ngojeni. Generosa yuko nyuma ya kiti changu.

"Historia, mjukuu wangu."

"Hebu." Anasoma. Anasoma taratibu mno, mimi sipendi. "Babu. Ulikuwa bega kwa bega na mtemi?"

"Kabisa."

"Simu zote zilikuwa kwenye ungo?"

"Zote! Si nimeandika?"

"Na yako?"

"Yangu... ilikuwemo."

Mzee Mabula naye, sijui alifuata nini kwangu leo, amesimama mlangoni. Amekohoa.

"Nilizirudisha mwenyewe, moja moja. Yako sikuirudisha, Sostenes."

"Na jioni ile," Generosa anasema, "ulikuwa na makapi ya mtama masikioni."

"Upepo..."

"Babu, ulikuwa ndani ya kihenge chako cha mtama. Ulijificha mwano ulipopigwa."

"Lakini kila kitu niliona! Kihenge kina tundu!"

Nimeshasema. Neno haliwezi kurudi mdomoni.

"Hakuna aliyeninong'oneza," Generosa anasema, na sasa hacheki. "Nilipiga kwa sababu nilikuwa naenda kumpoteza Ngusa, na nilitaka sauti ya kaka yangu ndiyo iniambie. Sikuwa na akili yoyote, Babu. Nilikuwa na woga tu."



"Mwano ulipigwa, hukutoka," Mzee Mabula anasema. "Mchenya unaujua."

Ngusa ameshafika zizini, namwona dirishani. Kamba iko mkononi. Stesheni Masta ananitazama kwa ndevu zake zote, kama mkuu wa stesheni anayemwona abiria aliyepanda bila tiketi.

Njooni Jumamosi. Nyama ni yangu.